Vikaragosi vya Java na Swali la Uhifadhi wa Fasihi Simulizi

Miongoni mwa maswali ya fasihi simulizi yanayodhaniwa kuwa mepesi ni lile linalomtaka mtahiniwa aeleze njia za kuhifadhi fasihi simulizi. Jibu lake limekaririwa hata limekuwa kama mianzo ya ngano: huhifadhiwa kwa maandishi, kwa kanda za sauti, kwa video, katika tarakilishi na katika makavazi. Mtahiniwa akishaandika hayo hupata alama zake akaendelea na swali jingine. Wewe mwalimu uliyewahi kusahihisha majibu ya namna hiyo unajua kwamba ni nadra kumpata mtahiniwa aliyejiuliza kinachohifadhiwa ni nini hasa. Je, ni maneno? Ni ala? Ni sauti? Au ni kile kitendo kinachofanyika baina ya fanani na hadhira yake usiku fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani?

Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo kwa kutumia sanaa moja ya mbali, nayo ni maonyesho ya vikaragosi vya ngozi ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, yaitwayo wayang kulit, pamoja na muziki wa gamelan unaoandamana nayo. Huenda ukauliza kwa nini tuvuke bahari ilhali tuna yetu tele. Sababu ni kwamba sanaa hii imedumu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Imepitia Uhindu, Ubudha na Uislamu, ikapitia pia ukoloni wa Waholanzi, na hadi leo watu wanakesha kuitazama. Yamkini kuna jambo inalolijua kuhusu kudumu ambalo jibu letu la kukariri halilijui.

Kwanza neno lenyewe. Karagosi au kikaragosi ni mwanasesere anayechezeshwa. Aidha ni mtu anayetumiwa na wengine bila hiari yake, na hii ndiyo maana inayosikika zaidi midomoni mwa wanasiasa wetu. Uturuki kuna maonyesho mashuhuri ya vivuli yanayoitwa kwa jina la mhusika wao mkuu, Karagöz, na jina hilo lilienea hadi nchi za Waarabu. Misri wanaye kikaragosi wao aitwaye aragoz. Si rahisi kuamini kwamba kufanana huko na neno letu ni sadfa tupu. Basi sanaa ya vikaragosi si ngeni kwetu kama tunavyodhani, ijapokuwa tumebaki na tusi tukapoteza mchezo.

Sasa uone jinsi maonyesho yanavyokwenda. Familia ina harusi, tohara au nadhiri ya kutimiza, au kijiji kimemaliza mavuno na kinataka kujitakasa. Mwenye shughuli humwalika fanani, ambaye Wajava humwita dalang. Kitambaa cheupe hutandazwa na kukazwa katika fremu, na chini yake hulazwa mashina ya mgomba. Vikaragosi hukatwa kutoka ngozi ya nyati wa kufugwa, vikachorwa na kutobolewa kwa ustadi, vikatiwa rangi na dhahabu, na kila kimoja huwa na kijiti cha pembe ambacho huchomekwa katika shina hilo la mgomba. (Mwanafunzi anayetoka Kisii hatahitaji kuelezwa kwa nini ni mgomba: ni mbichi, ni laini, hushika bila kupasuka.) Taa huning'inizwa juu ya kichwa cha fanani, zamani ilikuwa ya mafuta, siku hizi ni ya umeme. Wanaoketi upande mmoja huona vivuli. Wanaoketi upande wa pili humwona fanani mwenyewe akifanya kazi, na wengi leo hupendelea kuketi huko.

Fanani huketi mkao wa kukunja miguu tangu mwendo wa saa tatu usiku hadi alfajiri. Yeye hutoa sauti za wahusika wote, wanaume kwa wanawake, wafalme kwa majitu. Yeye husimulia, yeye huimba. Kwa kipande cha mti hugonga sanduku la vikaragosi lililo kando yake, na kwa mguu wa kulia hugonga vibati vya chuma, ama kuigiza vishindo vya vita ama kuwaashiria wanamuziki walioketi nyuma yake waanze, waongeze kasi au wanyamaze. Vitabu vyetu vya kiada huorodhesha sifa za fanani bora: awe na kumbukumbu nzuri, awe jasiri, aielewe hadhira yake, aweze kugeuza sauti. Huyu ni rawi, manju, mwigizaji na kiongozi wa wapiga ala kwa wakati mmoja. Ukitafuta mfano wa kumwonyesha mwanafunzi kuwa zile si sifa za kukariri, umeupata.

Masimulizi yake mengi hutoka katika tendi mbili za India, Mahabharata na Ramayana, zilizofika Java zamani sana. Kuna maandishi ya mwaka 907 yanayotaja onyesho la wayang lililofanywa kwa heshima ya miungu. Katika karne ya 11 mshairi Mpu Kanwa, katika utendi wake Arjunawiwaha, aliwataja watazamaji wanaolia kwa huzuni ilhali wanajua kwamba wanachokitazama ni ngozi iliyochongwa. Kwa mhakiki hili ni jambo kubwa. Swali la kwa nini tunaamini kitu tunachojua si kweli, ambalo huwasumbua wanafunzi wetu wanapochambua tamthilia, liliwahi kuulizwa Java karibu miaka elfu moja iliyopita, na aliyeliuliza alikuwa akimtazama fanani wa vikaragosi.

Lakini jambo ninalotaka ulizingatie zaidi ni hili: fanani huyu hana matini ya kukariri. Anacho kiunzi cha kisa, anayo mafungu ya maneno na nyimbo za kimapokeo ambazo amezirithi, na mengine huyatunga papo hapo. Hata visa vyenyewe vina ngazi. Wajava hutumia istiahi za mti kuvieleza: kuna visa vya shina, ambavyo ni vile vya tendi za asili, na kuna visa vya matawi, ambavyo mafanani wamevibuni kwa kuwatumia wahusika walewale katika mambo ambayo tendi hazikuyasema. Visa vya matawi havionwi kuwa ni uharibifu. Fanani akitunga tawi zuri, wenziwe huliiga, na baada ya miaka hakuna anayeuliza nani alilianzisha.

Kilele cha uhuru huo huja katikati ya usiku. Ulimwengu wa kisa hutikisika: milima hulipuka, bahari huchafuka. Kisha kimya. Hapo huingia watumishi wanne, Semar na wanawe Gareng, Petruk na Bagong, wenye matumbo makubwa, pua za ajabu na miguu iliyopinda. Hutawakuta watu hawa katika Mahabharata ya Wahindi. Ni Wajava waliowaongeza. Wanataniana, wanaimba nyimbo zilizoombwa na hadhira, wanamtania mpiga ngoma, wanazungumzia bei ya mchele, wanamsema mkubwa fulani wa wilaya ambaye huenda ameketi mstari wa mbele akila karanga. Wafalme katika kisa huzungumza Kijava cha adabu ya juu chenye maneno ya kale ambayo vijana wengi hawayafahamu. Semar na wanawe huzungumza lugha ya sokoni, na Kiindonesia hupenya humo. Ukiwafundisha watahiniwa kuhusu sajili na jinsi lugha inavyobainisha tabaka la mhusika, usiku huu mmoja unatosha. Na katika daraja za mbinguni Semar ni nani? Ni mungu mwenyewe, kaka wa mkuu wa miungu, aliyeshuka katika umbo la mtumishi mwenye sura mbaya. Mashujaa wanaomwita mtumwa humtegemea wanapokosa njia.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Sanaa hii imetenga ndani ya usiku wake nafasi ambayo maneno yake hayajatungwa. Mapokeo yenyewe yanamtaka fanani alete humo mambo ya leo, na asipoyaleta hadhira itanung'unika kwamba hakufanya kazi yake. Kisa cha Pandawa ni cha kale, lakini onyesho haliwezi kukamilika bila jambo lililotokea juma lililopita. Ndiyo maana rekodi ya onyesho la 1975, hata iwe safi namna gani, hutupa habari za onyesho lile. Haiwezi kusimama mahali pa onyesho la usiku wa leo.

Mtu asije akafikiri kwamba kwa kuwa kuna utani basi hakuna utakatifu. Upande wa muziki utamsahihisha. Gamelan ni kundi la ala ambazo nyingi zake ni za shaba nyeusi: marimba za vyuma, vyungu vya shaba vilivyopangwa kwa safu, pamoja na ngoma, zeze na sauti za waimbaji. Inayotawala zote ni upatu mkubwa, ambao hulia mara chache tu, kila mzunguko wa muziki unapofika mwisho. Upatu huo huheshimiwa. Huwekewa maua na kufukiziwa ubani, na gamelan za makasri hupewa majina yenye cheo cha Kyai, yaani mheshimiwa, kama wapewavyo masheikh. Ala haziruki mtu kwa mguu. Kufanya hivyo ni utovu wa adabu. Huko Yogyakarta, katika siku zinazotangulia Maulidi ya Mtume, gamelan mbili za kasri, Kyai Guntur Madu na Kyai Naga Wilaga, huhamishiwa katika uwanja wa msikiti mkuu zikapigwa hapo kwa takriban wiki moja kabla ya kurejeshwa. Sherehe hiyo huitwa Sekaten, na wengi hulifasiri jina hilo kuwa limetokana na shahada mbili. Msomaji aliyehudhuria Maulidi ya Lamu hatashangaa kuona ala na ibada zikikutana uwanjani.

Vivyo hivyo katika vikaragosi. Ndugu mkubwa wa Pandawa ana silaha ya ajabu iitwayo Kalimasada, na Wajava Waislamu husema kwamba jina hilo ni kalima ya shahada. Wapo wataalamu wanaolifuatilia jina hilo hadi Kijava cha kale, kabla ya Uislamu kuenea kisiwani. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, ugomvi huo hauna haja ya kuamuliwa. Kisa cha Kihindu kilipokutana na jamii iliyosilimu, jamii ilikisoma upya bila kukitupa. Simulizi za Java humtaja Sunan Kalijaga, mmoja wa mawalii tisa, kuwa aliyatumia maonyesho haya kuwavuta watu katika dini.

Kisha kuna ruwatan, ambayo kwa istiahi zetu ni mviga. Mtoto aliyezaliwa pekee bila ndugu, kwa mfano, huaminika kuwa yumo hatarini ya kuliwa na Kala, jitu la kiungu. Onyesho maalumu hufanywa ili kumwondolea hatari hiyo. Fanani husimulia asili ya Kala, husoma maneno ya siri na hukata kishungi cha nywele za mtoto. Si kila fanani anayeruhusiwa kuifanya kazi hii. Hutakiwa awe na nasaba na maandalizi. Na katika maneno yale ya siri hakuna nafasi ya kubuni. Tazama basi: sanaa moja, fanani mmoja, vikaragosi vilevile, lakini mna sehemu isiyoguswa na sehemu ambayo ni lazima iguswe. Wenye sanaa wanajua mpaka uko wapi. Sisi tunapowaambia wanafunzi kwamba fasihi simulizi "hubadilika kila wakati", tunasema nusu ya jambo.

Ugomvi juu ya mpaka huo haukosekani. Ki Nartosabdho, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1985, alishutumiwa na wahafidhina kwa kutia utani kupita kiasi na kutunga nyimbo mpya. Kanda zake zikaenea, mafanani wachanga wakazisikiliza na kuziiga, na leo yeye ndiye anayetajwa kama kipimo cha ukale. Katika miaka ya 1970 chuo cha sanaa cha Surakarta kikaanza kujaribu maonyesho yaliyofupishwa, ya saa moja au mbili. Baadaye kukaja waimbaji wa nyimbo za kisasa na wachekeshaji wanaopanda jukwaani pamoja na fanani. Katika hili mimi naegemea upande wa wanaolalamika, japo kwa kiasi. Nafasi ya watumishi ikimeza nusu ya usiku, wafalme hawana tena wa kudhihakiwa, na utani unapoteza makali yake. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba sanaa inayozozaniwa namna hiyo imekufa. Ki Seno Nugroho wa Yogyakarta, aliyefariki Novemba 2020, alikuwa akirusha maonyesho yake kwenye mtandao wa YouTube, na Bagong wake mwenye ulimi mkali alipata wapenzi ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa kijiji.

Utaona kwamba sikatai kanda wala mtandao. Kanda za Nartosabdho zilifaa kwa kuwa kulikuwa na vijana walioketi wakazisikiliza wakitaka kuwa mafanani. Linganisha na jambo hili: mwaka 1977 Marekani ilirusha angani vyombo viwili viitwavyo Voyager, kila kimoja kikiwa na sahani ya muziki wa dunia, na humo mna wimbo wa gamelan uitwao Puspawarna. Hakuna uhifadhi ulio salama kuliko huo. Sahani haitaibwa, haitalowa, haitaliwa na mchwa. Ila hakuna mtoto atakayejifunza kupiga upatu kutoka kwake.

Tena kuna mahali ambapo sanaa kama hii ilizuiwa. Jimboni Kelantan, Malaysia, serikali ya jimbo iliyoingia madarakani mwaka 1990 ilipiga marufuku maonyesho ya vikaragosi vya vivuli pamoja na michezo mingine ya jadi, kwa hoja kwamba yana mambo yasiyopatana na Uislamu. Vikaragosi havikuchomwa. Vilibaki. Kilichokatika ni mialiko, na fanani asiyealikwa hana wa kumrithisha. Java, ambako pia wengi ni Waislamu, mambo yalikwenda vingine. Tusidhani basi kwamba ni dini inayoamua. Ni jinsi watu wenyewe wanavyokubaliana nayo.

UNESCO iliitangaza wayang ya Indonesia kuwa turathi adhimu ya wanadamu mwaka 2003, ikaiingiza katika orodha yake mwaka 2008. Gamelan ikafuata mwaka 2021. Kenya pia ina vyake katika orodha, lakini uitazame orodha ni ipi. Mila za Kaya za Wamijikenda ziliingizwa mwaka 2009, ngoma ya Isukuti mwaka 2014, na sherehe tatu za rika za Wamaasai mwaka 2018. Zote tatu ziko katika ile orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Mtahiniwa wa Kakamega anayeandika kwamba Isukuti imehifadhiwa kwa video anaandika kweli, na bado hajasema lolote kuhusu dharura hiyo.

Kuna mfano mmoja wa kwetu ambao ningependa kila mwalimu aupeleke darasani pamoja na upatu wa Java. Ngadji ni ngoma kuu ya Wapokomo wa bonde la Mto Tana. Ilikuwa ngoma takatifu, sauti yake ikiwa na mamlaka ya kuiita jamii pamoja. Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na hadi sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Kwa kipimo cha jibu letu la kukariri, Ngadji imehifadhiwa: imo katika makavazi, imetunzwa isiliwe na wadudu. Wapokomo wanaidai irudi kwao, kwa maana kwa zaidi ya karne moja hawajaisikia. Kyai Guntur Madu hutolewa nje kila mwaka, hubebwa, hupigwa, hupata mikwaruzo, hurudishwa. Mwanafunzi na aulizwe ni ipi kati ya ala hizi mbili iliyohifadhiwa, na asiruhusiwe kujibu kwa neno moja.

Je, tusahihishe vipi? Sisemi tuwanyime alama wanaotaja kanda na makavazi; mwongozo ni mwongozo, na mtahiniwa hana kosa. Ninachopendekeza ni kwamba tunapofundisha, kila njia iambatane na swali la nani ataitumia. Maandishi yatasomwa na nani, ili afanye nini? Video itamfaa fanani yupi anayechipuka? Ni tukio lipi katika jamii litakalomlazimu mtu amwalike? Mtahiniwa anayeweza kutaja tukio hilo, liwe ni tohara, matanga, mavuno au hata tamasha la shule, ameonyesha kwamba anaelewa uhusiano wa fanani, hadhira na muktadha, ambao ndio msingi wa somo zima.

Kwa kazi ya darasani, mchague mwanafunzi mmoja atambe ngano inayojulikana na wote, kwa sharti moja: katikati ya ngano aingize mhusika wa kuchekesha atakayezungumzia jambo lililotokea shuleni wiki hiyohiyo, kisha arudi kwenye kisa bila kukivunja. Wengine waandike ni wapi alipofaulu na ni wapi kisa kilipomponyoka. Wiki inayofuata ngano iwe ileile, mtambaji awe mwingine.